Kuvuja, Kupitisha na Kuvuta Hewa: Uhakiki wa Lugha ya Haidroliki katika Kijitabu cha Trekta Dogo

Kwa miaka mingi walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa ugani wamekuwa wakituandikia kutaka wapewe “Kiswahili cha trekta”, nasi kwa kawaida tumewajibu kwa kuwapelekea orodha: Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia. Safari hii mwalimu mmoja anayefundisha ufundi wa zana za kilimo katika Mkoa wa Morogoro hakutaka orodha. Alituletea kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachoandamana na aina moja ya trekta dogo linalouzwa nchini. Katika ukurasa unaohusu kuvuja kwa mfumo wa kuinulia jembe alikuwa amepiga mistari ya wino mwekundu, na pembeni ameandika swali moja tu: kijana wangu akiyafuata maneno haya, mkono wake utasalimika?

Hatutamtaja mfasiri wala mwenye trekta. Makosa tutakayoyaeleza hayakuanza kwao, na mengine, kama msomaji atakavyoona, yanatokana na desturi zetu sisi tunaotunga istilahi.

Tuliona kwamba swali la namna hiyo halifai kujibiwa mezani. Tulikichukua kijitabu, tukatoka nacho Magogoni, mahali ambapo kwa miaka mingi nyaraka za Serikali ziliandikwa, zikafasiriwa na kupigwa mihuri kabla ya Wizara kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, tukaenda nacho Gerezani, upande wa Kariakoo unaojulikana kwa vipuri na karakana. Ni mwendo usiotimiza saa moja kwa miguu. Njiani tulikumbushana kwamba majina ya huko tuendako nayo yalikuwa mageni zamani: Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, na gereza, kama wasemavyo wataalamu wengi, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Leo hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayeyasikia kuwa ya kigeni. Jambo hilo lilitusaidia baadaye tulipokuwa tukipima maneno kama sili na oili.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana istilahi isiyojua kitu chake ni sauti tupu. Trekta dogo tunalolizungumzia ni lile lenye injini ya nguvu za farasi 20 hadi 40 hivi, linalofaa majaruba ya mpunga na mashamba ya ekari chache. Nyuma yake kuna mikono inayobeba plau au haro, na mikono hiyo huinuliwa kwa nguvu ya oili. Mpango huu uliojulikana ulimwenguni kwa kazi ya Harry Ferguson, fundi mzaliwa wa Ireland, ambaye trekta lake alilolitengeneza pamoja na Henry Ford lilitoka mwaka 1939, haujabadilika sana katika misingi yake. Pampu inayozungushwa na injini huvuta oili kutoka katika boksi la gia, ambalo katika matrekta mengi madogo ndilo tangi la mfumo huo. Oili husukumwa hadi kwenye valvu. Dereva anapovuta wenzo, valvu huielekeza katika silinda, pistoni husogea, na jembe huinuka. Akirudisha wenzo, oili hurejea bokisini na jembe hushuka.

Sasa tukisome kijitabu. Kwanza kinauita mfumo huu “mfumo wa nguvu za maji”. Tunajua mfasiri alikolitoa jina hilo: mzizi wa Kiyunani wa neno haidroliki una maana ya maji, na kamusi yoyote ya Kiingereza itamwambia hivyo. Lakini mkulima wa Mvomero hasomi mizizi ya Kiyunani. Akiambiwa mfumo wa nguvu za maji ataelewa kwamba humo mna maji, naye atakuwa na haki. Katika mfumo huu maji ni adui. Yakiingia, oili hubadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa, na vyuma vya ndani hushika kutu. Ukurasa wa pili yake kijitabu hichohicho kinamwonya mkulima asiruhusu maji kuingia katika mfumo wa nguvu za maji. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Neno haidroliki limekwisha kuingia katika vinywa vya mafundi na wanafunzi, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza.

La pili ni “mihuri”. Mkulima anaelekezwa kuikagua mihuri ya silinda kila baada ya muda, kuibadilisha ikichakaa, na kutoitumia tena mihuri ya zamani. Sisi wa Magogoni mihuri twaijua: hukaa juu ya meza karibu na kidau cha wino, na ikichakaa barua hazisomeki. Neno la Kiingereza ‘seal’ lina maana ya muhuri na lina maana ya mpira unaozuia oili isitoke, na mfasiri alichukua maana iliyokuwa karibu na kiti chake. Katika maduka ya vipuri kila mtu husema sili, na ile ya duara nyembamba huitwa oringi. Mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba sili ni mnyama wa baharini na kwamba neno hilo pia ni kitenzi cha kukataa chakula. Hoja hiyo ina ukweli wa kamusi, ila hatujasikia mtu aliyekwenda Kariakoo kununua sili akaletewa mnyama. Wapo watakaopendelea kizibo, lakini kizibo hukaa mdomoni mwa chupa kikatulia, na sili kazi yake ni kuzuia huku chuma kikiteleza juu yake. Sili ibaki.

Kuhusu mafuta tutasema kidogo tu. Kijitabu kinatumia neno hilo kwa dizeli, kwa oili ya injini na kwa oili ya haidroliki, hata katika sentensi moja. Wafasiri wengi wa makamo yetu tulifundishwa kulionea shaka neno oili kwa kuwa ni Kiingereza kitupu, tukaona mafuta ni safi zaidi. Lakini lugha imekwisha kugawanya kazi: mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka na ya kuchoma katika injini, oili ni ya kulainisha vyuma na kuvisukuma. Anayeongeza “mafuta” mahali pa oili ya haidroliki kwa kutii kijitabu aweza kuiharibu pampu kwa siku moja.

Hayo ni makosa ya majina, na makosa ya majina husahihishika kwa kalamu. Lililotupeleka Gerezani ni kubwa zaidi. Katika ukurasa wenye wino mwekundu mfasiri alikutana na neno ‘leak’ katika sehemu tatu, akalifasiri kwa uaminifu mkubwa: uvujaji wa nje, uvujaji wa ndani, uvujaji wa hewa. Ukitazama karatasi ya istilahi huwezi kumlaumu. Neno moja limepata neno moja, na vivumishi vimefuata. Sisi wenyewe tungeweza kulitia sahihi jambo hilo kikaoni.

Tulimkuta fundi mmoja wa makamo akiwa amefungua silinda ya trekta juu ya meza ya chuma. Baada ya salamu tulimsomea maneno ya kijitabu juu ya uvujaji wa ndani. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Ndani ya nini, wazee wangu? Oili ikibaki ndani imevuja nini?” Akatuonyesha pistoni, na juu yake sili iliyoliwa upande mmoja. “Hii haivuji. Hii inapitisha.”

Kwa neno hilo moja alitueleza ukurasa mzima. Silinda inayopitisha haiangushi tone hata moja chini. Oili inatoka upande mmoja wa pistoni inakwenda upande wa pili mahali isipotakiwa kwenda, au inarudi bokisini kupitia valvu iliyolika, na yote yamo ndani ya chuma. Dalili yake si doa la oili, bali ni jembe lililoinuliwa ambalo halikai juu. Ili kulibaini, fundi huliinua jembe, huzima injini, huweka alama ya chaki penye mkono wa kuinulia, kisha hungoja akiwa amesimama mbali, asithubutu kuingiza mguu chini ya jembe. Likishuka hali wenzo haujaguswa, kuna kinachopitisha: ni sili ya pistoni au ni valvu. Pampu nayo hupitisha gia zake zikilika, na dalili yake mafundi waliieleza kwa namna ambayo hatukuiona kitabuni: asubuhi linainua vizuri, saa sita mchana likishapata joto halitaki. Sababu ni kwamba oili ikipata moto huwa nyepesi, na oili nyepesi hupenya haraka pale ambapo ile nzito ya asubuhi ilikuwa ikizuiwa.

Mtu aliyeambiwa kwamba trekta lake lina uvujaji wa ndani atafanya nini? Mwalimu wetu wa Morogoro ameliona kwa macho yake: wanafunzi walilala chini ya trekta wakatafuta tone. Hawakuliona. Wakaandika katika daftari kwamba mfumo ni mzima.

Uvujaji wa hewa ni kosa baya zaidi, kwa maana unasema kinyume cha jambo lenyewe. Hewa haitoki popote. Kati ya boksi na pampu kuna bomba la kuvutia oili. Kibano chake kikilegea, au mpira wake ukipasuka, au oili ikipungua mno trekta likiwa mlimani, pampu huvuta hewa pamoja na oili. Pampu hunguruma kama inayosaga mchanga, oili hutoa povu, na jembe huinuka kwa kurukaruka. Mafundi husema pampu inavuta hewa, wengine husema inanyonya upepo, na kila msemaji wa Kiswahili anayewasikia anajua upande ambao hewa inaelekea. Bomba hilo laweza kuwa kavu kabisa kwa nje. Njia ya kulipata tundu ni kupaka grisi au kumiminia oili safi kidogo kwenye kila kiungio cha upande wa kuvutia injini ikiwa inatembea polepole, huku ukisikiliza. Pale sauti ya pampu inapobadilika, hapo ndipo. Lakini msomaji wa kijitabu, akiambiwa hewa inavuja, atatazama magurudumu.

Tunatambua kwamba kuna hoja ya kutupinga. Msomaji atauliza: mbona nyumba huvuja, na mvua huingia ndani badala ya kutoka nje? Hoja hii ni nzuri na tuliijadili kwa kirefu. Mtungi unavuja, paa linavuja, siri za ofisi zinavuja, mtihani unavuja. Katika yote hayo kuna kizuizi kilichoshindwa, na kitu kilichozuiwa kimetokea mahali ambapo watu wanakiona. Anayelala chini ya paa linalovuja ndiye huona tone. Kuvuja basi ni kujitokeza. Penye silinda inayopitisha hakuna kilichojitokeza, na penye pampu inayovuta hewa hakuna hata kilichotoka. Kiingereza kinaweza kuyaweka yote matatu chini ya mwavuli mmoja kwa sababu kinatazama kizuizi kilichoshindwa. Kiswahili kinatazama mwendo wa kile kilichopita. Hakuna lugha iliyokosea, ila mfasiri anayeuchukua mwavuli wa watu akaja nao kwetu anawanyima wasomaji vitenzi vitatu ambavyo wanavyo tangu utotoni.

Hata kuvuja kwenyewe kuna daraja zake, na daraja hizo ni amri za kazi. Tuliitafuta nakala ya Kiingereza ya kijitabu hicho, tukakuta imetenganisha hali nne kwa maneno manne, na kwa kila hali mkulima ameagizwa jambo tofauti. Katika tafsiri tunasoma kuvuja kidogo, kuvuja, kuvuja zaidi, na kuvuja sana. Kidogo cha nani? Kiswahili kina kutoa jasho, kama mtungi wa udongo unavyolowa kwa nje bila kudondosha. Hapo fundi hupangusa na kungoja aone. Kina kutona, tone baada ya tone, na hapo kiungio hukazwa au sili hubadilishwa. Kina kuchuruzika, ambapo oili inafuata chuma kwenda chini katika mfululizo, na trekta halifai kurudi shambani siku hiyo. Kina kufoka, ambapo injini huzimwa papo hapo. Maneno haya hayakutungwa na kamati yoyote, na mtoto wa miaka sita anayatenganisha.

Kadhalika kauli ya kutendea ya vitenzi vyetu ina faida ambayo hatukuifikiria mpaka tulipoisikia karakanani. Oili hufuata chuma, na upepo wa feni huirudisha nyuma, kiasi kwamba mahali palipolowa zaidi si mahali penye tundu. Fundi wa pili tuliyezungumza naye alisema kwa haraka, kama mtu asemaye jambo la kawaida: inadondokea hapa, lakini inavujia kule juu. Kwa hiyo kwanza huosha sehemu yote kwa sabuni, huikausha, huwasha injini, kisha hutafuta sehemu ya juu kabisa iliyoanza kulowa. Kadhalika oili inapotona kutoka katika tundu lililo chini ya klachi, swali ni inavujia klachini kutoka upande gani: ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua imetoka injinini, ikiwa na rangi ya asali imetoka katika boksi la gia. Kijitabu kinasema chanzo cha uvujaji kitafutwe. Ni kweli; ila hakisemi kinatafutwa vipi.

Tuje sasa kwenye mkono wa kijana.

Oili katika mfumo huu husukumwa kwa nguvu ambayo mtu wa kawaida hana kipimo cha kuilinganisha nayo, isipokuwa upepo wa gurudumu. Gurudumu la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba. Haidroliki ya trekta dogo hufanya kazi kwa paundi 2,000 hadi 3,000. Bomba la mpira likitoboka kitobo chembamba kama unywele, oili hutoka kwa mwendo wa kupenya ngozi, na wataalamu wa usalama kazini hutaja paundi 100 hivi kuwa zatosha kuifanya kazi hiyo. Jeraha lake hudanganya. Huonekana kama pametobolewa na mwiba, damu ni kidogo na maumivu mwanzoni ni madogo, kumbe oili imekwisha kutambaa ndani ya nyama. Aliyejeruhiwa hivyo anatakiwa kufikishwa kwa daktari wa upasuaji katika saa chache, na wako watu waliopoteza vidole au mkono mzima kwa kulala nalo hadi kesho yake. Ndiyo maana fundi hutafuta kitobo kwa kupitisha kipande cha kadibodi au ubao karibu na bomba, akiwa amevaa miwani, wala hatumii kiganja.

Katika Kiingereza onyo hilo linatumia kitenzi ‘feel’: usikitafute kitobo kwa kugusagusa na mkono. Tafsiri inasema: usihisi uvujaji. Tunaomba msomaji aisome tena polepole. Kuhisi, kwa Kiswahili, ni kupata hisia au kushuku. Kijana anayetii amri hiyo ataelewa kwamba asishuku kuwa pana kuvuja. Na ikiwa ameliona doa, hajakatazwa kulifuata kwa vidole. Neno lililohitajika lipo, ni kupapasa: usipapase bomba kwa mkono. Katika sentensi hiyohiyo kitobo kimeitwa “tundu la sindano”, ambalo kwa Kiswahili ni mahali pa kupitishia uzi, na wanafunzi wa mwalimu wetu walidhani kuna sindano katika pampu. Haya ndiyo aliyoyapigia mistari miwili, naye alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza.

Onyo la pili linamtaka mkulima “aondoe shinikizo” kabla ya kufungua kiungio. Hapa lawama hatuwezi kumwachia mfasiri. Kwa dhana hii moja lugha yetu imekwisha kupewa kanieneo katika vitabu vya fizikia, mgandamizo katika taarifa za hali ya hewa, na shinikizo katika hospitali, ambako shinikizo la damu linajulikana kwa kila mtu. Karakanani tulisikia presha peke yake. Kanieneo ni neno lililoundwa kwa akili, kani juu ya eneo, na mwanafunzi anayekokotoa ana haki ya kulipewa; tusingependa kuona linaachwa darasani. Lakini onyo si darasa. Mtu anayesoma onyo ameinama juu ya mashine yenye moto, amechafuka mikono, na macho yake yanakimbia. Hapo tunapendekeza presha, na tunajua kwamba baadhi ya wenzetu watalalamika. Tena maneno mawili hayatoshi kumwambia la kufanya. Kuzima injini hakuondoi presha iliyobaki ndani ya mabomba. Inapasa jembe lishushwe mpaka liguse ardhi, injini izimwe, kisha wenzo usukumwe mbele na nyuma mara kadhaa, ndipo spana iguse nati. Tungeliandika hivyo hivyo, kwa vitenzi, hata kama sentensi ingekuwa ndefu kuliko ya Kiingereza.

Na hapa ndipo tulipoona kasoro yetu. Tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na hasa tangu orodha za istilahi zilipoanza kutolewa kwa mfululizo katika miaka ya 1970, kazi kubwa imefanywa na matunda yake yamo katika kila ofisi. Lakini orodha ni nyumba ya majina. Mwenye kutunga orodha huuliza kitu hiki kinaitwaje. Hana safu ya kuandikia kinafanyaje kikiharibika. Basi mfasiri anayefungua orodha zetu atapata pampu, silinda, valvu, pistoni na chujio, na atakapofika kwenye ukurasa wa kutafuta ubovu, ambao karibu wote ni vitenzi, ataviona vitenzi vya Kiingereza vimegeuzwa majina, atatafuta majina ya Kiswahili ya kulingana nayo, na ataandika uvujaji mara tatu. Hata kichwa cha ukurasa wenyewe kimekuwa “Utatuzi wa Matatizo”, jina linalofaa mkutano wa hadhara. Kutafuta ubovu lingetosha.

Twajua pia mashaka ya kwenda karakanani na daftari. Si kila kinachosemwa Gerezani kinafaa kuandikwa. Tulisikia jeki ikitumika kwa silinda ya kuinulia na kwa ile jeki ya kubadilishia gurudumu, na katika kijitabu cha usalama mchanganyiko huo haukubaliki. Tulisikia pia mpira kwa maana ya sili, ya oringi na ya bomba, kila mmoja akielewa kwa sababu kitu kipo mkononi. Kwenye karatasi kitu hakipo mkononi. Kuna na ushauri tusioweza kuupitisha, kwa mfano wa kuzungushia tepu ya mabomba ya maji kwenye viungio vya haidroliki, ambayo vipande vyake hukatika vikaenda kuziba valvu. Kazi ya msanifishaji haijaisha kwa sababu tu amekwenda kusikiliza.

Mwalimu wetu tumempelekea ukurasa wake ukiwa umeandikwa upya, naye ameujaribu kwa wanafunzi kumi na wawili. Ameturudishia na masahihisho mawili ambayo tumeyakubali, na swali moja ambalo bado liko mezani. Akitaka kuandika kichwa cha habari, anasema, anahitaji jina la hali ya silinda kupitisha. Uvujaji amekwisha kuuacha. Upitishaji haumpendezi, kwa kuwa watumishi wa Serikali wamelizoea katika upitishaji wa bajeti na wa miswada, na kichwa kisemacho upitishaji wa silinda kingeonekana kama azimio. Sisi tulipendekeza mpitisho. Yeye anasema wanafunzi wake hulisoma wakadhani ni njia iliyotengenezwa makusudi ili oili ipite, na kwamba kwa sasa ataandika tu “Silinda inapitisha”, sentensi nzima, mahali pa jina. Katika kikao chetu kilichopita wajumbe watatu walikubaliana naye, wawili walishikilia mpitisho, na suala hilo litarudi katika kikao kijacho.